Urithi wa Binti: Maneno Peke Yake, au na Shamba Pia?

Gihosha iko upande wa kaskazini-mashariki wa mji wa Bujumbura, mahali ambapo uwanda wa Ziwa Tanganyika unakwisha na ardhi inaanza kupanda kuelekea vilima vya Mumirwa. Jioni, jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo, akina mama wengi wa huko huwa jikoni, maharagwe yakichemka juu ya makaa na watoto wakingoja chakula. Saa hiyo, ambayo leo redio na simu za mkononi zinaigombea, kwa vizazi vingi ilikuwa saa ya fasihi. Mama au bibi alikaa karibu na moto akasimulia igitito, yaani ile hadithi ya Kirundi ambayo ndani yake kuna wimbo unaorudiwa-rudiwa, na watoto wakaitikia. Waandishi wa vitabu hawakuwapo. Aliyehifadhi utungo, akaupunguza au kuuongeza, akachagua ni nani aliwe na zimwi igisizimwe na ni nani aokoke, alikuwa ni mwanamke.

Jambo hili halina budi kukumbukwa kila inapozungumzwa nafasi ya mwanamke katika fasihi ya kale. Ni desturi kuuliza jinsi mwanamke alivyoelezwa ndani ya hadithi: je, alikuwa mke mwema, mama wa kambo mkatili, au binti mzuri anayeposwa na mfalme? Swali hilo lina maana yake, lakini liko jingine lililo zito zaidi kwa wasomaji wa ukurasa huu. Mwanamke aliyeitunza fasihi hiyo na kumkabidhi bintiye alikuwa na kitu gani kingine cha kumkabidhi? Katika nchi ambayo watu wengi mno wanaishi kwa jembe, na ambayo eneo lake lote ni kilomita za mraba 27,834, kitu hicho kingine kina jina moja tu, nalo ni ardhi.

MANENO YA MWANAMKE NA MANENO YA MWANAMUME

Fasihi simulizi ya Warundi iligawanywa kama kazi za nyumbani zilivyogawanywa. Wanaume walikuwa na amazina, yale majigambo ambayo mtu alijisifu kwa ushujaa wake au akawasifu ng'ombe wake, akiyatamka kwa kasi mbele ya wenzake. Wanawake walikuwa na ibihozo, nyimbo za kumbembeleza mtoto, na walikuwa na akazehe, salamu ya kuimbwa ambayo wanawake waliamkiana wanapotembeleana. Katika akazehe mmoja huanza na mwenzake akaingilia, sauti zikapishana kama vidole vya msusi, hata msikilizaji asiyezoea hawezi kujua sauti ipi ni ya nani. Wasichana walijifunza kwa mama zao. Salamu hiyo sasa inasikika kwa nadra, nayo ni hasara kubwa, kwa kuwa ni machache mambo ya kale ambayo wanawake waliyafanya kwa ajili yao wenyewe, si kwa ajili ya mume wala mgeni wa mume.

Mgawanyo huo ulikuwa na kanuni yake. Methali ya Kirundi yasema kwamba kuku jike hawiki pale alipo jogoo. Wakati huo huo mwanamke aliitwa umutima w'urugo, moyo wa nyumba. Misemo hii miwili imetumika bega kwa bega kwa muda mrefu, na wengi hawaoni kama kuna ubishi kati yake. Moyo, bila shaka, hukaa ndani na haupaazi sauti.

Hata hivyo historia ya Burundi haikuifuata sana methali hiyo. Neno ingoma kwa Kirundi lina maana ya ngoma na lina maana ya ufalme. Ngoma kuu ya ufalme iliitwa Karyenda, na mlinzi wake alikuwa ni mwanamke, Mukakaryenda, aliyehesabiwa kuwa mke wa ngoma yenyewe na ambaye hakuruhusiwa kuolewa na mwanamume. Kando ya mfalme alikuwako pia mugabekazi, mama wa mfalme, na cheo chake hakikuwa cha mapambo. Mfalme Mwezi Gisabo alipofariki mwaka 1908, mrithi wake Mutaga alikuwa bado kijana, na mwenye nguvu katika baraza alikuwa Ririkumutima, mmoja wa wake wa marehemu. Mutaga naye alifariki mwaka 1915, akafuatwa na Mwambutsa aliyekuwa mtoto mdogo, na Ririkumutima akaendelea kuwa mkono wa utawala hata alipofariki mwaka 1917. Wajerumani walimtambua, na Wabelgiji waliofuata walimkuta.

Katika mwaka 1934, wakati utawala wa Kibelgiji ulipokuwa umewalemea wananchi kwa kodi na kazi za shuruti, mwanamke mwingine aliinuka kaskazini-magharibi ya nchi, katika sehemu za Ndora. Huyu aliitwa Inamujandi. Alitabiri kuja kwa mfalme wa kweli na kuondoka kwa mizigo ile, na watu wakamfuata kwa wingi hata serikali ya kikoloni ikalazimika kutumia nguvu kuyazima machafuko hayo. Jina lake huanza na Ina, yaani mama. Kuku jike alikuwa amewika, na majogoo wengi walimfuata nyuma.

WOSIA ULIOANDIKWA PATE

Mwaka huo huo wa 1934, mbali sana na Ndora, wasomi wawili wa Kiingereza, Alice Werner na William Hichens, walichapisha kitabu chenye Utendi wa Mwana Kupona pamoja na tafsiri yake. Ni utungo wa Kiswahili unaojulikana kuliko tungo zote za mwanamke wa kale, na msomaji wa Bujumbura ana haki nao kama alivyo nao msomaji wa Lamu, kwa maana Kiswahili kilifika kwenye ufuko huu wa ziwa pamoja na wafanyabiashara na wapagazi, kikapata makao katika mitaa kama Buyenzi, na leo chasikika katika masoko yote ya mji.

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu aliyepambana na Sultani wa Zanzibar hata alipofariki mwaka 1856. Yapata miaka miwili baadaye, mjane huyo akiwa mgonjwa na akijua kwamba siku zake si nyingi, alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi wa beti zipatazo 100. Anamwita binti aje karibu na wino na karatasi, kisha anamweleza namna ya kuishi: radhi za Mungu, za Mtume, za baba, za mama, na za mume. Sehemu ya mume ni ndefu. Binti anaambiwa amwangalie mumewe kama anavyoangaliwa mtoto, asimwamshe alalapo, amkande, ampambe, asitoke pasipo ruhusa yake.

Wasomaji wengi wa siku hizi, hasa wasichana wanaosoma shule, hukasirika wafikapo hapo. Wanauliza ikiwa huyu ni mshauri wa wanawake au ni wakili wa waume. Wako pia wanazuoni waliousoma utendi huo kwa jicho jingine. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, alionyesha kwamba maneno hayo yanaweza kuwa na kejeli ndani yake, kwa kuwa mume anayepaswa kubembelezwa kama mtoto anafananishwa na mtoto. Ubishi huo hautamalizika leo. Lakini yapo mambo mawili yasiyobishaniwa. La kwanza, mama huyo alijua kuandika, na aliona ni jambo la kawaida kabisa kwamba binti naye atasoma. La pili, ambalo kwa kawaida hupitwa haraka, ni kwamba Mwana Hashima alikuwa binti wa mji wa Kiislamu. Kwa sheria ya dini yake alikuwa na fungu katika mali ya wazazi wake, nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Nusu si sawa na zima, na wengi wamelijadili hilo. Lakini fungu hilo lilikuwa limetajwa, linahesabika, na kadhi angeweza kuulizwa.

Kwa hiyo wosia wa Mwana Kupona uliongezwa juu ya mali. Haukutolewa mahali pa mali.

Tofauti hiyo inaonekana pia katika kisa kingine cha pwani, kile cha Fumo Liyongo, shujaa ambaye utendi wake uliandikwa na Muhammad Kijuma mwaka 1913. Liyongo akiwa kifungoni, mama yake Mbwasho anampelekea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi wanakinyang'anya kila kizuri. Basi mama anaoka mikate myema, na kati yake anatia mkate mmoja wa wishwa, mkavu na wa kuchukiza, ambao ndani yake mna tupa ya chuma. Walinzi wanakula mizuri na kuuacha wa wishwa umfikie mfungwa. Nje ngoma inapigwa, ndani minyororo inakatwa. Kila mwanamke aliyewahi kuficha kitu cha thamani ndani ya chungu cha chakula anaielewa akili ya mama huyu kuliko mwanazuoni yeyote. Na baada ya Liyongo kuuawa, mwili wake ukiwa umepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, watu wote wakaogopa kuteka maji. Aliyeombwa aende kumsihi alikuwa ni mama yake. Utendi umepewa jina la mwana, lakini bila mama yule kisa kingekwisha gerezani.

KIKAPU KINACHORUDISHWA

Turudi sasa kwenye vilima vya Burundi. Mwandishi wa Burundi anayetajwa kwanza katika orodha nyingi ni padri Michel Kayoya, aliyeuawa katika mauaji ya mwaka 1972. Kitabu chake cha mwaka 1968, kilichoandikwa kwa Kifaransa, kinaitwa kwa jina lenye maana ya "Katika Nyayo za Baba Yangu". Ni kitabu chema, na jina lake linaeleza ukweli wa nchi. Ardhi ya ukoo, itongo, ilifuata nyayo za baba. Ilitoka kwa baba ikaenda kwa wana wa kiume, nao wakaigawanya, na wana wao wakaigawanya tena, hata leo mashamba mengine yamekuwa membamba kama mkeka.

Binti hakusahauliwa kabisa. Katika sehemu nyingi za nchi ilikuwako desturi ya igiseke, yaani kikapu: baba au ndugu walimpa binti kipande cha ardhi alime na avune, hasa akirudi nyumbani kwa kuachika au kwa ujane. Lakini kipande hicho kilikuwa cha kutumia tu. Hakuweza kukiuza wala kuwaachia watoto wake, na alipofariki kilirudi kwa kaka zake. Jina lake ni la kweli kuliko sheria yoyote, maana kikapu cha jirani hurudishwa. Ardhi ilipokuwa nyingi desturi hiyo ilimtosha mtu kwa chakula. Ilipopungua, kaka walianza kukihesabu kikapu hicho kabla dada hajakishika.

Vita na ukimbizi vilizidisha uzito wa jambo hili. Baada ya mwaka 1972, na tena baada ya mwaka 1993, maelfu kwa maelfu ya watu waliikimbia nchi, wengi wao wakaenda Tanzania. Waliporudi, wajane na mayatima wa kike walikuta mashamba ya waume au baba zao yakilimwa na shemeji, na majirani hawakukumbuka mpaka wa mwanamke. Hapo wosia mzuri hausaidii kitu. Linalotakiwa ni jina katika daftari.

Wengi wa wakazi wa Gihosha wanaweza kudhani kwamba habari hizi ni za vijijini tu. Sivyo. Familia nyingi za mjini zina itongo lao kule mikoani, na pia zina kiwanja chenye nyumba hapa mjini, kilichonunuliwa kwa mshahara wa mume na kujengwa kwa akiba ya mke. Mume akifariki, ukoo wa mlimani hushuka. Kama ndoa ilifungwa kwa desturi tu, pasipo kuandikishwa kwa mwandikishaji wa serikali, mjane anakuwa katika hali ngumu mno, na watoto wake pia. Ndiyo sababu moja iliyofanya agizo la serikali la mwaka 2017, la kuwataka wanaoishi pamoja bila ndoa ya kisheria waandikishe ndoa zao kabla ya mwisho wa mwaka huo, lipokelewe kwa namna mbili: wengine walilalamika kuwa ni kuingiliwa nyumbani, na wanawake wengi walipumua.

KIGOBE, UPANDE HUO HUO WA MJI

Katika upande huo huo wa mji liko jumba la Kigobe, ambako Bunge limekuwa likikutana. Mwanamke wa Burundi si mgeni wa madaraka. Sylvie Kinigi, mtaalamu wa uchumi, alikuwa Waziri Mkuu kuanzia Julai 1993, wa kwanza wa kike katika historia ya nchi. Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba mwaka huo, ni yeye na mawaziri waliosalia waliobeba serikali katika miezi ya giza, hata Rais mpya alipoapishwa Februari 1994. Mwezi Julai 2000, wakati mazungumzo ya amani ya Arusha yalipokuwa yakisimamiwa na Nelson Mandela, wanawake wa pande zote walikutana na kumkabidhi madai yao, na miongoni mwa madai hayo ilikuwamo haki ya mwanamke ya kumiliki na kurithi ardhi. Katiba ya mwaka 2005 iliwapa wanawake asilimia 30 kwa uchache katika serikali na katika Bunge, na mwezi Agosti mwaka huo Immaculée Nahayo akawa Spika wa kwanza wa kike. Katiba ya mwaka 2018 imelihifadhi fungu hilo.

Jambo moja halikupitishwa. Sheria ya watu na familia ya mwaka 1993 haikugusa mirathi. Muswada wa sheria ya urithi umezungumzwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukaandaliwa, ukasogezwa mbele, ukarudishwa nyuma, na mirathi ikaachwa mikononi mwa desturi. Burundi iliridhia mkataba wa kimataifa wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake tangu mwaka 1992, na Katiba inatamka usawa wa raia wote. Mahakimu kadhaa wameyategemea hayo kumpa binti sehemu yake, hususan katika mali ya mjini. Wengine wamefuata desturi. Binti anayekwenda mahakamani hawezi kujua mapema ni Burundi ipi itakayomsikiliza.

Wanaopinga sheria hiyo wana hoja ambayo haifai kudharauliwa. Wanasema ardhi haitoshi hata wana wa kiume, na kwamba binti anayeolewa atakuwa na shamba mahali pawili. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama binti angepata shamba huko anakoolewa. Hapati. Huko analima shamba la mume, na nyumbani kwao analima kikapu cha kurudisha. Uchache wa ardhi ni ukweli, lakini uchache huo haujawahi kuwafanya kaka waseme kwamba mmoja wao akose kabisa.

Ni ajabu kidogo kwamba hata ngoma imeingia katika mjadala huu. Ngoma za kifalme za Burundi ziliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Oktoba 2017 likatoka agizo la Rais la kusimamia upigaji wake, na mojawapo ya masharti yake ni kwamba wanawake wasipige ngoma, bali wacheze ngoma zao za kike pembeni. Sababu iliyotolewa ni mila. Mila hiyo hiyo ndiyo iliyomweka Mukakaryenda kuwa mlinzi wa Karyenda. Aliilinda, hakuipiga, na hakuwa mmiliki wake, kama vile mke wa mlimani anavyolilinda itongo.

SAUTI ILIYOHAMIA REDIONI

Igitito chenyewe hakikufa. Mwaka 1997, vita vikiwa bado vinaendelea, Marie-Louise Sibazuri, mtungaji wa tamthilia nyingi za Kirundi na Kifaransa, alianza kuiandikia studio ya Ijambo mchezo wa redio wa mfululizo uitwao Umubanyi niwe muryango, yaani jirani ndiye ndugu. Familia mbili za makabila mawili ziliishi ua kwa ua, zikagombana, zikapatana, zikaoana. Nchi nzima iliusikiliza, wanaume kwa wanawake, saa ile ile ambayo bibi alikuwa akisimulia karibu na moto. Hakuna aliyesema kwamba kuku jike amewika.

Na kwa mama wa Gihosha ambaye jioni hii ana mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume, na mumewe bado yu hai na mwenye afya, yako mambo yasiyongoja Bunge. Ndoa iandikishwe. Kiwanja kilichonunuliwa pamoja kiandikwe kwa majina ya wote wawili, mume na mke. Kule mlimani, sheria ya ardhi ya mwaka 2011 ilifungua njia ya ofisi za ardhi za tarafa kutoa vyeti, na jina la mke linaweza kuandikwa humo likiombwa. Baba akitaka binti apate kipande, na akitoe angali hai, kwa maandishi, mbele ya mashahidi, na mbele ya wana wake wa kiume, kusudi baadaye asipatikane wa kusema hakusikia. Mazungumzo hayo ni magumu, na nyumba nyingi huyaahirisha mpaka msiba. Mwana Kupona hakuahirisha. Alikuwa mgonjwa, akaagiza wino.